Cherehani ya Wamuyu Yavaa Nguo

Wamuyu ni fundi wa nguo. Anafanyia kazi yake Ishiara, kwenye kibaraza cha nyumba yao ya kukodi, mkabala na soko. Mkono wake ni mzuri. Akishona rinda, linakaa mwilini kama limezaliwa na mwenyewe. Akipiga pasi suruali, mstari unasimama wima mpaka jioni.

Mumewe anaitwa Njagi. Njagi analima ndengu na kunde. Pia anafuga mbuzi na kondoo wachache. Wana mtoto mmoja, Igoki, msichana wa miaka sita. Igoki yuko chekechea, darasa la PP2. Januari ataingia gredi ya kwanza.

Hii ni familia ya vicheko. Hata shida zao huanza kwa kicheko.

"Baba Igoki, umeona mkasi wangu?" Wamuyu aliuliza asubuhi moja.

"Mkasi upi? Ule uliopotea leo au ule uliopotea jana?"

"Mkasi ni mmoja tu!"

"Basi umepotea mara mbili," alisema Njagi.

Mkasi ulikuwa chini ya vitambaa. Juu ya vitambaa kulikuwa na chaki, nyuzi, zipu na futi ya kupimia. Futi ilikuwa imejifunga kwenye nyuzi kama nyoka. Pini, Wamuyu alizishika mdomoni. Zikizidi, alizichoma kwenye sweta yake, au kwenye pazia la mlango. Vifungo aliviweka kwenye kikombe cha chai. Vipande vidogo vya vitambaa vilianguka chini, upepo ukavipeleka kwa majirani.

Siku moja Njagi alikuwa anakula githeri ya mahindi na maharagwe. Akatafuna kitu kigumu. Akakitoa mdomoni, akakiangalia. Kilikuwa kifungo cheusi chenye matundu manne.

"Mama Igoki," alisema polepole, "leo githeri ina vifungo. Kesho utatia zipu?"

Wamuyu alicheka mpaka akashika ukuta.

Lakini kuna jambo moja halikumchekesha. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, na mvua ilikuwa haijaja. Malori ya mbuzi yakipita, vumbi lilipanda mpaka kwenye paa. Likishuka, lilitua juu ya cherehani. Wamuyu alilifuta kwa kiganja, akaendelea kushona. Siku hizi cherehani ilikuwa nzito. Alikanyaga kwa nguvu, magoti yakamuuma. Uzi ulikatika mara kwa mara.

"Imezeeka," alijiambia. "Hata mimi nazeeka."

*

Siku moja alikuja Mwalimu Ntinyari. Mwalimu Ntinyari ndiye anayefundisha darasa la kina Igoki. Alikuwa amebeba kitambaa cha bluu na kitambaa cheupe.

"Mama Igoki, watoto wanamaliza chekechea," alisema. "Mwaka huu tunataka wavae majoho, kama watu wa chuo kikuu. Bluu, na kola nyeupe. Watoto ni ishirini na sita. Utaweza? Sherehe ni Jumamosi, wiki mbili kutoka leo."

"Nitaweza, Mwalimu! Si hata wangu yuko ndani?"

Igoki alikuwa anasikiliza mlangoni. Akaanza kurukaruka.

"Mama, langu lishone la kwanza!"

"Lako litakuwa la mwisho," alisema Wamuyu. "Mtoto wa fundi hungoja."

Kazi ikaanza. Wamuyu alipima watoto shuleni mmoja mmoja. Walicheka futi ilipowagusa shingoni. Mdogo kuliko wote alikuwa Mwenda. Joho lake lilikuwa fupi kama aproni. Wamuyu aliandika jina la kila mtoto kwenye karatasi, akaifunga kwenye joho lake kwa uzi.

Siku za kwanza zilikwenda vizuri. Halafu upepo ukaja na vumbi. Kola nyeupe zikawa na rangi ya chai ya maziwa. Wamuyu akaziloweka, akazifua, akazianika. Upepo ukaja tena. Akazifua tena. Siku mbili nzima zikaishia kwenye beseni.

Ikafika Jumatano. Zilibaki siku tatu. Wamuyu alikuwa anashona joho la ishirini na tano. Mkono wake mmoja ulisukuma kitambaa, mwingine ulikuwa unatafuta chaki bila kuangalia. Sindano ikagonga pini iliyosahauliwa kwenye pindo.

Tak!

Sindano ikavunjika. Kipande cha juu kilibaki kwenye cherehani. Ncha iliruka. Hakuiona ilikokwenda.

Wamuyu aliangalia chini. Kulikuwa na vipande vya vitambaa, nyuzi na vumbi. Aliangalia mezani. Kulikuwa na rundo la majoho, pale pale kando ya kiwiko chake. Akakung'uta joho moja. Akakung'uta la pili. Hakuona kitu.

"Itakuwa imeanguka chini," alijiambia.

Akatia sindano nyingine, akaendelea. Lakini moyo wake haukutulia. Kila aliposhika joho, alijiuliza: "Na kama haikuanguka chini?"

*

Saa kumi jioni Mwalimu Ntinyari alipita kuona kazi. Alifurahi sana. Alichukua joho la juu, akalikumbatia.

"Aki yamependeza! Watoto watafanana na... Uwii!"

Alitupa joho mezani. Kidole chake kilikuwa na tone la damu. Pini moja ilikuwa imebaki ndani ya kola. Kwenye kola nyeupe sasa kulikuwa na doa jekundu.

"Pole, Mwalimu! Pole sana!" Wamuyu alimletea maji.

Mwalimu Ntinyari alinyonya kidole chake. Hakukasirika. Alimtazama Wamuyu machoni, akauliza kwa upole.

"Mama Igoki, kuna nyingine?"

Wamuyu angeweza kusema hakuna. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Halafu alimwona Igoki amekaa kwenye ngazi, anaimba wimbo wa sherehe, anahesabu vidole.

"Mwalimu, leo sindano ilivunjika," alisema. "Ncha yake sikuipata. Sijui kama iko chini au iko kwenye majoho. Na pini sijui zilikuwa ngapi, kwa hivyo sijui zimebaki ngapi."

Mwalimu Ntinyari alikaa kwenye kiti. 

"Asante kwa kuniambia ukweli," alisema. "Lakini wewe ni mzazi, utanielewa. Mimi ndiye nitakayewavalisha. Watoto wanaruka, wanaanguka, wanaweka kola mdomoni. Siwezi kuvalisha mtoto nguo ambayo huenda ina sindano. Nitakuja Ijumaa saa sita mchana. Ukiniambia majoho ni salama, na mimi nikiamini, nitayachukua. La sivyo watavaa yunifomu zao tu."

Aliondoka. Wamuyu aliketi akiwa ameshika mashavu. Njagi aliporudi na mbuzi, alimkuta hivyo. Wamuyu akamweleza yote.

"Tuyapapase," alisema Njagi. "Moja moja. Mikono minne si haba."

Waliyapapasa mpaka jua likazama. Walipata pini mbili. Ncha ya sindano hawakuipata. Ilikuwa ndogo kuliko punje ya mtama.

"Kesho ni siku ya soko," alisema Njagi. "Yule mama wa cherehani atakuja. Muulize."

*

Mama wa cherehani anaitwa Kagwiria. Ni mzaliwa wa mji wa Maua, lakini siku hizi anaishi Embu mjini. Alishona nguo miaka mingi. Halafu akajifunza kutengeneza cherehani zenyewe. Sasa anazunguka masoko na mkoba wake. Mafundi humwita cherehani zikigoma. Zikiwa bado zinatembea, hawamwiti. Wamuyu pia hakuwahi kumwita.

Alhamisi hiyo alimwita, na Kagwiria akafika saa tatu asubuhi. Aliamkua, akaketi, akaangalia cherehani kama daktari anavyomwangalia mgonjwa.

"Inakohoa," alisema.

"Imezeeka, sindio?" aliuliza Wamuyu.

"Cherehani hii? Bado msichana. Acha tuone tumbo lake."

Alifungua mkoba wake. Wamuyu alidhani ataona vyuma vimerundikana. Badala yake Kagwiria alitoa kitambaa kilichoviringishwa kama mkeka, kimefungwa kwa kamba. Alikifungua mezani. Kilikuwa kimeshonwa kwa suruali kuukuu ya jinzi, na kilikuwa na vijifuko vingi, kimoja kando ya kingine. Kila kijifuko kilikuwa na kitu chake. Bisibisi kubwa, bisibisi ndogo, brashi, chupa ya mafuta, koleo. Kagwiria hakutafuta chochote. Mkono wake ulikwenda wenyewe.

Alifungua kibati kilicho chini ya sindano. Ndani kulikuwa na kitu cha kijivu, kinene kama blanketi.

"Ni nini hicho?" Wamuyu alishtuka.

"Vumbi la Ishiara, na manyoya ya vitambaa. Yamekunywa mafuta, yakashikana. Meno yanayosukuma kitambaa hayapumui tena. Ndiyo maana unakanyaga kama unapanda Mlima Kenya."

Alitoa uchafu wote kwa brashi na koleo ndogo. Akapangusa. Akatia mafuta, tone moja kila kitundu. Akamwambia Wamuyu akanyage. Cherehani ikalia kwa sauti nyembamba, tamu. Ilikuwa nyepesi kama baiskeli mteremkoni.

"Uuu!" Wamuyu alipiga kelele. "Njagi! Njoo usikie!"

Halafu akakumbuka majoho. Uso wake ukabadilika. Alimweleza Kagwiria kuhusu ncha ya sindano. Hakuficha kitu.

Kagwiria hakumcheka. Alitia mkono kwenye kijifuko cha mwisho. Akatoa sumaku nyeusi, ya mviringo, kubwa kama mandazi.

"Hii nilitoa kwenye spika iliyokufa ya redio," alisema. "Macho yanachoka. Vidole vinachoka. Sumaku haichoki. Leta majoho. Tutandaze moja moja. Ukimaliza moja, liweke mbali kabisa, kwenye shuka safi. Yaliyokaguliwa na yasiyokaguliwa yasiguse."

Walianza. Kagwiria alipitisha sumaku polepole juu ya kila mshono, ndani na nje. Joho la kwanza, hakuna. La pili, hakuna. La sita lilitoa pini iliyojificha kwenye mkono. La kumi na mbili likatoa nyingine. Njagi alisahau mbuzi zake. Alisimama mlangoni anahesabu kwa sauti.

"Kumi na saba... kumi na nane..."

Joho la kumi na tisa lilikuwa fupi kama aproni. Sumaku ilipofika kwenye mkunjo wa kola, kitambaa kiliinuka kidogo. Kama kuna mdudu ndani.

Njagi aliacha kuhesabu.

Kagwiria alifumua nyuzi nne. Alikunjua kola. Ncha ya sindano ikaruka, ikashika kwenye sumaku. Tik.

Wamuyu alisoma jina kwenye karatasi. Mwenda. Alikaa chini polepole. Machozi yalimtoka, lakini alikuwa anacheka pia.

"Ngoja, usifurahi bado," alisema Kagwiria. "Kipande cha juu kiko wapi?"

Wamuyu alikuwa amekiweka dirishani. Kagwiria aliviweka vipande viwili kwenye karatasi, kimoja mbele ya kingine. Akaweka sindano nzima kando yake. Urefu ulikuwa sawa.

"Sasa furahi," alisema. "Sindano ikivunjika, simama hapo hapo. Usishone tena. Tafuta vipande vyote. Viunganishe uone kama vinafanya sindano nzima. Halafu vitie kwenye kopo lenye kifuniko, si kwenye takataka. Vipande visipotimia, nguo haitoki kwa fundi."

Waliendelea mpaka joho la ishirini na tano. Halafu Kagwiria akapitisha sumaku mezani, na sakafuni. Sakafu ilitoa pini kumi na moja.

"Na Igoki anatembea hapa bila viatu!" alisema Njagi.

*

Wamuyu alileta chai na mihogo ya kuchemsha. Kagwiria alikula, huku akiangalia meza.

"Mama Igoki, wewe unashona vizuri kunishinda," alisema. "Shida yako si mkono. Shida ni kwamba kila kitu hapa hakina kwao. Mkasi hauna nyumba. Pini hazina kitanda. Na cherehani yako iko uchi."

"Iko uchi?"

"Uchi kabisa. Unawashonea watu wote wa Ishiara. Yeye amekukosea nini?"

Njagi alicheka sana. Wamuyu pia alicheka, lakini alijitetea.

"Vitu hivyo vinauzwa mjini. Mimi nitatoa wapi?"

"Nani amesema ununue? Wewe si fundi? Lete vipande vyako."

Vipande vilikuwa vingi. Wamuyu alikuwa na gunia zima la mabaki. Walichagua kitambaa kigumu cha maua, kilichobaki kwenye viti vya mtu.

"Tuanze na nguo ya cherehani," alisema Kagwiria. "Chukua futi. Anzia mezani mbele, panda juu ya cherehani, shuka nyuma mpaka mezani. Ongeza upana wa kiganja. Huo ndio urefu. Halafu pima kutoka gurudumu mpaka mwisho wa kichwa. Ongeza kiganja tena. Huo ndio upana."

"Na umbo lake?"

"Hakuna umbo. Ni mstatili tu. Kunja pindo pande zote nne. Shona kamba mbili kila upande, funga kama aproni. Ukitaka kufua, fungua kamba, fua."

"Si karatasi ya nailoni ni rahisi zaidi?" aliuliza Njagi. "Hata haipitishi vumbi."

"Haipitishi vumbi, lakini inafungia unyevu ndani. Mvua ikija, cherehani itatoka jasho, ishike kutu. Kitambaa kizito kinazuia vumbi na kinapumua."

Kwa cherehani iliyosafishwa, kazi ile haikuchukua muda. Walipoifunga kamba, Igoki alikuwa amerudi kutoka shuleni. Alisimama akashangaa.

"Mama! Cherehani imevaa rinda!"

"Sasa kitanda cha pini," alisema Kagwiria. "Kata duara mbili, kubwa kama kisosi. Shona ukizunguka, acha nafasi ya vidole viwili. Geuza nje. Sasa tunahitaji kitu cha kujaza. Usitumie vipande vya nguo peke yake, vinakuwa vigumu. Dawa yake ni sufu ya kondoo. Ina mafuta yake. Pini na sindano hazishiki kutu haraka."

"Kondoo ninao!" alisema Njagi.

Alikwenda zizini, akarudi na sufu mkononi. Kagwiria akamrudisha. Sufu ilikuwa na miba na kinyesi. Njagi aliiosha, akaitandaza juani kwenye bati. Jua la Ishiara liliikausha upesi. Halafu aliketi chini, akajaza mto mdogo mwenyewe. Aliujaza mpaka ukawa mgumu kama embe bichi. Akaziba mdomo wa mto kwa sindano ya mkono. Mishono yake ilikwenda kushoto na kulia kama njia ya mbuzi.

"Mzuri," alisema Wamuyu. "Huu hautoki kwangu."

"Choma pini ishirini," alisema Kagwiria. "Safu nne, kila safu tano. Ukianza nguo, hesabu. Ukimaliza nguo, hesabu. Zikiwa kumi na tisa, nguo inabaki mezani. Na pini mdomoni, basi. Ukipiga chafya moja tu, utaimeza."

Chini ya mto walishonea kipande kirefu cha kitambaa, na mwishoni mwa hicho wakashonea mfuko wenye mdomo mpana. Kile kipande walikilaza mezani, wakaweka juu yake jiwe bapa la mtoni, ili kisiteleze. Mto wa pini ukakaa mezani. Mfuko ukaning'inia ukingoni. Nyuzi zilizokatwa zikaanza kuingia mfukoni.

"Majirani watakosa vitambaa vyangu," alisema Wamuyu.

Mwisho walishona kitambaa cha ukutani. Walitumia gunia safi la pamba. Wamuyu mwenyewe ndiye aliyeamua mifuko ikae vipi, maana sasa alikuwa ameelewa. Mfuko mrefu wa futi. Mfuko mdogo wenye kifuniko wa chaki. Mifuko sita ya nyuzi, kila rangi na wake. Mfuko wa mkasi aliushona kwa jinzi mbili nzito, mwembamba kuelekea chini, ili ncha ya mkasi isitoboe. Juu alipitisha fimbo ambayo Njagi alikata. Wakakining'iniza kwenye msumari, mkono wa kulia wa kiti, juu kuliko Igoki anavyoweza kufika.

"Mkasi unakaa wapi?" Kagwiria alimuuliza Njagi kama mwalimu.

"Kwenye jinzi!"

"Na vifungo?"

"Popote, ila kwenye githeri!"

Kagwiria hakuelewa kwa nini mume na mke walicheka hivyo. Wakamweleza, naye akacheka mpaka chai ikamwagika.

*

Asubuhi ya Ijumaa Wamuyu aliamka mapema. Aliondoa vumbi kwenye kitambaa cha cherehani, akakifungua, akakikunja. Alihesabu pini. Ishirini. Akashona joho la mwisho, la Igoki. Uzi haukukatika hata mara moja. Doa la damu alilitoa kwa maji baridi na sabuni ya kipande. Hakutumia maji moto, maana damu ikipata moto hushika. Aliishona tena kola ya Mwenda, akapiga pasi majoho yote, akayafunika kwa shuka.

Alihesabu pini tena. Ishirini.

Saa sita kamili Mwalimu Ntinyari alifika. Alisimama mlangoni, akadhani amekosea nyumba. Sakafu ilikuwa tupu. Meza ilionekana. Ukutani kila rangi ya uzi ilikuwa mfukoni mwake.

"Mama Igoki, umehama?"

"Nimehamia hapa hapa, Mwalimu."

Wamuyu alimwonyesha karatasi yenye vipande viwili vya sindano, vimebandikwa kwa selotepu. Alimweleza kuhusu sumaku na joho la kumi na tisa. Alimwonyesha pini zake ishirini.

Mwalimu Ntinyari alisikiliza. Halafu alichukua joho moja. Alifumba macho, akaliminya kwa mikono yote miwili, kwa nguvu, kutoka kola mpaka pindo. Akachukua la pili. Akachukua la tatu.  Mwalimu aliyaminya yote ishirini na sita. Vidole vyake havikuumia popote.

Akafungua macho.

"Nimeamini," alisema. "Nisaidie kubeba."

Jumamosi watoto ishirini na sita walitembea uwanjani kwa mstari. Majoho yalikuwa ya bluu kuliko anga. Kola zilikuwa nyeupe kabisa. Akina mama walipiga vigelegele. Babu mmoja aliyesimama nyuma aliuliza kama hawa ni madaktari. Watoto waliimba wimbo wao. Mwenda alisahau maneno, akaweka kola mdomoni, akaitafuna mpaka wimbo ukaisha. Wamuyu alimwona. Alimshika Njagi mkono, akaufinya.

"Umeona?" alimnong'oneza.

"Nimeona," alisema Njagi. "Aitafune tu. Ni tamu."

*

Habari husafiri upesi sokoni. Wiki iliyofuata mafundi watatu walikuja kuona cherehani iliyovaa rinda. Wamuyu aliwaketisha kibarazani, akawapa vipande kutoka kwenye gunia lake. Aliwafundisha kama alivyofundishwa. Pima mbele, juu, nyuma. Ongeza kiganja. Hesabu pini kabla, hesabu baadaye.

Mmoja wao alikuwa Mzee Kinoti. Mzee Kinoti ameshona suti tangu ujana wake.  Aliangalia tu, mikono nyuma.

"Mimi meza yangu ni ndogo," alisema mwishowe. "Huo mto utakaa wapi?"

Wamuyu alifikiri kidogo. Alikata mto mdogo zaidi. Chini yake alitia kipande cha kadibodi ngumu, ili pini zisipite zikachoma ngozi. Akashonea mpira wa kiunoni, akauvisha kwenye mkono wa mzee. Ulikaa kama saa.

Mzee Kinoti aliuinua mkono, akaugeuza huku na huku. Alitabasamu. Akachoma pini ishirini, moja moja, akizihesabu kwa sauti. Halafu akaondoka kwa mwendo wa taratibu, akipita katikati ya soko na mkono mbele ili kila mtu aone.

Muuza ndizi mmoja alimwita.

"Mzee, hebu niambie, ni saa ngapi?"

Mzee Kinoti alisimama. Alitazama mkono wake kwa makini.

"Ni ishirini kamili," alisema, akaenda zake kushona.